Umehamia PS4 Pro na mambo yamegoma: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Karibu kila PS4 Pro, mashine ya gemu ya PlayStation, inayowekwa mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, inaletwa na maneno yaleyale: "Fundi, nimeuziwa mbovu." Naiwasha, naipima, na mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Kilichogoma ni kitu kilichobaki kutoka kwenye ile ya zamani: waya wa HDMI unaopeleka picha kwenye TV, TV yenyewe, diski ya nje, pedi, plagi, au akaunti ya mtu mwingine. Mwenye mashine keshagombana na aliyemuuzia, na wapo ambao wamekwisha kuifungua kwa bisibisi, kumbe dawa ilikuwa kuhamisha waya kwenye tundu jingine nyuma ya TV.

Kwa hiyo twende kwa dalili, tukianza na vitu visivyo na gharama. Bisibisi iwe ya mwisho.

Kwanza hakikisha una ipi

PS4 ya kwanza ilitoka Novemba 2013. Septemba 2016 ikaja Slim, nyembamba yenye kona za mviringo, na Novemba mwaka huohuo ikaja Pro, yenye umbo la tabaka tatu zilizopandana. Geuza mashine usome lebo inayoanza na CUH. Namba za 1000 hadi 1200 ni ile ya kwanza, 2000 hadi 2200 ni Slim, 7000 hadi 7200 ni Pro. Usinunue kwa kutazama boksi. Boksi la Pro linaweza kubeba Slim, na nimeona watu wakilipia hivyo.

Pro si kizazi kipya. Ni PS4 ileile iliyoongezewa nguvu katikati ya safari: uwezo wa kuchora picha ulipanda kutoka teraflopi (kipimo cha kasi ya hesabu) 1.84 hadi 4.2, prosesa ikaongezwa kasi kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.1, ikapewa na kumbukumbu ya ziada ya GB 1 ili programu za pembeni zisiibanie gemu nafasi. CD ni zilezile. Mwenye Pro na mwenye PS4 ya 2013 wanakutana mtandaoni kwenye mechi moja bila tatizo. Kwa maana hiyo, mtu akikwambia CD yako "haikubali Pro", mwombe akuoneshe. Kama inasoma kwenye PS4 ya kawaida na kwenye Pro haisomi, chanzo ni kingine, na hapa chini tutakikuta.

Taa nyeupe inawaka, TV iko giza

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, basi tukae nayo.

Taa nyeupe iliyotulia ina maana mashine imeamka na inafanya kazi, ila picha haifiki. Tatizo liko njiani kati ya Pro na TV. Kama taa ni ya bluu, inapepesa kisha inazima, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia mwishoni.

Juzi alikuja kijana wa Ujiji na Pro ndani ya begi la shule.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Ina nini?"

"Inawaka vizuri, taa nyeupe, lakini TV inaandika hakuna mawimbi. Ile PS4 yangu ya zamani nikiirudisha palepale inaonesha."

"Umeichomeka kwenye TV moja kwa moja?"

"Hapana. Inapita kwenye kile kigawanyio, maana kuna king'amuzi na deki ya mzee, na TV ina matundu mawili tu."

Pale pale nilijua. Nikachomeka Pro kwenye TV yangu bila kitu cha kati, picha ikaja. Kigawanyio chake kilitengenezwa enzi za picha ya kawaida. PS4 ya kwanza na Slim hutoa HDMI 1.4, Pro hutoa HDMI 2.0. Ikikutana na TV ya 4K, yaani yenye picha kali kuliko ile ya kawaida ya 1080p, Pro hujaribu kupeleka picha kubwa zaidi yenye kinga mpya ya nakala, HDCP 2.2, na kila kitu kilicho katikati lazima kiielewe. King'amuzi, spika ndefu ya TV, kigawanyio: kimoja kisipoelewa, unabaki na giza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuondoa kila kitu cha kati. Waya mmoja tu, kutoka Pro hadi TV.

Bado giza? Hamisha waya kwenye tundu jingine la TV. TV nyingi za 4K hazipokei picha kamili kwenye matundu yote. Tazama lile lililoandikwa 4K au namba ya juu zaidi. Na hata tundu sahihi mara nyingi linakuja likiwa limefungwa na mipangilio ya TV yenyewe. Kwenye Samsung tafuta "HDMI UHD Color" au "Input Signal Plus", kwenye LG tafuta "HDMI Ultra HD Deep Colour", kwenye Sony tafuta "Enhanced format". Iwashe kwa tundu lile unalotumia.

Halafu waya. Pro za mtumba huku kwetu hufika bila waya wake wa asili, na mtu hutumia ule wa king'amuzi. Kwa picha ya 1080p unafanya kazi vizuri sana. Ukipanda 4K yenye HDR, yaani mwanga na rangi kali zaidi, unaanza visa: picha inakuja, inazima sekunde moja, inarudi, au vinukta vyeupe vinametameta kwenye maeneo meusi. Jaribio lake ni rahisi. Ingia "Settings", kisha "Sound and Screen", kisha "Video Output Settings", shusha hadi 1080p. Visa vikiisha, waya ndio mchawi. Kabla hujanunua mwingine, jaribu kuchagua "2160p - YUV420" badala ya "2160p - RGB". Hiyo ya kwanza hubeba data kidogo zaidi na mara nyingi waya wa wastani unaimudu. Ukinunua, chukua mfupi. Waya wa mita tano wa bei ya chini kwa picha ya 4K ni kutupa hela.

Lakini utaingiaje kwenye mipangilio kama huoni kitu? Hapo ndipo "Safe Mode", menyu ya dharura ya mashine, inapookoa. Zima mashine kabisa, isubiri taa iishe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie: utasikia mlio wa kwanza, usiachie, baada ya kama sekunde saba utasikia wa pili, hapo achia. Unganisha pedi kwa waya, bonyeza kitufe cha PS. Chaguo la pili kwenye orodha ndilo la picha. Ndani yake unaweza kushusha ukubwa wa picha, au kubadili HDCP iwe "HDCP 1.4 Only". Ukichagua hiyo ya HDCP, Pro haitavuka 1080p, ila itaonesha, hata kupitia kigawanyio cha yule kijana. Alichagua hiyo, akaondoka, na kigawanyio kipya atanunua akipenda.

Wenye vibanda vya gemu wana kisa chao. TV ya zamani haina HDMI kabisa, ina matundu matatu ya AV, njano, nyekundu na nyeupe, na katikati kuna kile kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa AV. Kiboksi hicho kinahitaji umeme wake wa volti 5 kupitia waya wa USB. Watu husahau kuuchomeka, au huuchomeka kwenye tundu la USB la TV ambalo limekufa. Chomeka kwenye chaja ya simu. Kikiwa na umeme na bado picha haiji au inakuja na kukatika, ingia "Settings", "System", uzime "Enable HDCP". Gemu zitacheza kama kawaida. Programu za kutazama filamu ndizo zitakazokataa hadi uiwashe tena.

Ukishapita yote hayo, chukua tochi ya simu uchungulie tundu la HDMI la mashine yenyewe. Pini zinatakiwa kuwa zimepangika sawasawa kama meno ya kitana. Moja ikiwa imelala au imezama ndani, au picha inakuja pale tu unapousukuma waya juu kwa kidole, tundu limevunjika. Hilo hubadilishwa kwa kuchomelea, kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa ya moto na mkono uliotulia. Tundu la kawaida huvunjika kwa sababu mtu amevuta mashine waya ukiwa bado umechomekwa. Kwenye vibanda ambako mashine inahamishwa kila siku, funga waya kwenye mguu wa meza.

Gemu zimepotea, au sevu zimepotea

Hapa ndipo watu wanakula hasara isiyorudi, kwa hiyo soma taratibu.

Ulikuwa na PS4 ya kwanza, umenunua Pro, ukafikiri: nitoe diski ya ndani niiweke kwenye Pro. Zote ni za inchi 2.5, inaingia vizuri. Pro inawaka na kukuomba uiandae diski upya. Usibonyeze chochote. Zima. Diski ya ndani ya PS4 imefungwa kwa ufunguo wa mashine iliyoiandaa, na mashine nyingine haiwezi kuisoma hata kama ni ya aina ileile. Ukikubali ombi lile, kila kitu kinafutwa. Ukiirudisha diski kwenye mashine yake ya zamani, utakuta vitu vyako vyote salama.

Njia sahihi, kama mashine zote mbili ziko hai, ni waya wa LAN, ule wa kawaida wa kompyuta. Sasisha mashine zote mbili, ingia kwenye zote kwa akaunti ileile, kisha kwenye Pro fungua "Settings", "System", "Transfer Data from Another PS4" na ufuate maelekezo. Gemu zinapita kwenye waya, hazili bando lako. Bando linahitajika kwa kusasisha na kuingia kwenye akaunti tu. Kama unatumia hotspoti ya simu, iweke kwenye gigahezi 2.4, kwa sababu PS4 ya kwanza haioni mtandao wa gigahezi 5, wakati Slim na Pro zinauona. Watu wamehangaika jioni nzima kwa hilo moja. Fanya uhamisho huu Pro ikiwa bado tupu, kabla hujaanza kuweka vitu vya maana ndani yake.

Kama huna waya wa LAN, zipo njia mbili za kuunganisha. Gemu zipitishe kwenye diski ya nje: iwe ya USB 3.0, ukubwa kati ya GB 250 na TB 8, ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine bila kigawanyio cha USB. PS4 ya zamani ikishaiandaa, unaweza kuing'oa na kuichomeka kwenye Pro, na gemu zitaonekana. Sevu, yaani pale ulipofikia kwenye kila gemu, haziendi huko. Zinabaki kwenye diski ya ndani siku zote. Hizo zinakiliwe kwenye flashi: "Settings", "Application Saved Data Management", "Saved Data in System Storage", "Copy to USB Storage Device". Mama mmoja wa Gungu aliniletea mashine ya mwanawe akitaka tuiuze, gemu zote zikiwa tayari kwenye diski ya nje. Nikamwuliza, "Mama yangu, sevu je?" Hakujua hata ni kitu gani. Mtoto alikuwa na misimu chungu nzima ya timu yake mle. Zikaingia kwenye flashi moja ndogo, na nafasi ikabaki.

Ukiona gemu zipo lakini kila moja ina alama ya kufuli, data imefika, haki ya kuifungua ndiyo haijafika. Ingia kwenye akaunti iliyonunua gemu hizo, kisha "Account Management", "Restore Licenses". Ukitaka ndugu wengine nyumbani nao wacheze kwa akaunti zao, iwashe Pro kuwa mashine kuu ya akaunti hiyo kwa "Activate as Your Primary PS4". Akaunti moja ina PS4 kuu moja tu, kwa hiyo ya zamani iondolewe ukuu kwanza.

Hapo pana mtego wa mashine za mtumba "zenye gemu nyingi ndani". Gemu hizo ni za akaunti ya muuzaji. Siku akiamua kuifanya mashine nyingine kuwa kuu, au siku wewe utakapoandaa diski upya, zinakwenda. Mashine ya namna hiyo ilipie bei ya mashine tupu.

Na kuna zile ambazo mfumo wake umevunjwa kufuli ili zicheze gemu za kunakili. Ukihamisha gemu hizo kwenda Pro ya kawaida, hakuna hata moja itakayofunguka, na hakuna mpangilio wa kuzifungua. Mteja akiniambia gemu zote zimegoma kwa pamoja baada ya kuhama, swali langu la kwanza ni hilo.

Kisa cha mwisho kwenye fungu hili ni eneo la CD. CD za PS4 hazijafungwa kwa nchi, ya Ulaya inacheza kwenye mashine ya Marekani. Ila nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni lazima zitoke eneo lilelile la CD. Sevu nazo mara nyingi hazitambuliwi na CD ya eneo jingine. Kama ulicheza kwa CD ya Ulaya, ukaiuza, ukanunua ya Marekani, usishangae gemu ikikuanzisha upya. Herufi CUSA na namba ubavuni mwa boksi la CD ndizo za kulinganisha.

Inazima yenyewe katikati ya mchezo

PS4 Slim imeandikiwa wati 165 kwa kiwango cha juu kabisa. Pro imeandikiwa wati 310 zile za mwanzo. Hiyo ni karibu mara mbili, na mpangilio wa umeme uliokuwa unaitosha ya zamani unaweza kuishindwa mpya.

Anza na plagi. Mashine nyingi za mtumba zinazotufikia kutoka upande wa Burundi na Congo huja na plagi ya pini mbili za duara. Watu huibana kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu. Inaingia, lakini inacheza. PS4 ya zamani ilivumilia, Pro ikifika mahali pazito kwenye gemu inavuta umeme mwingi ghafla, mguso unakatika, mashine inakufa kama vile umeme umekatika. Ishike plagi baada ya nusu saa ya mchezo: ikiwa ya moto, umepata jibu. Nunua waya wenye plagi yetu ya pini tatu bapa. Zingatia kichwa cha upande wa mashine, kwa sababu Pro si moja. Za CUH-7000 na 7100 zinatumia kichwa kikubwa kama cha kompyuta ya mezani. CUH-7200 imerudi kwenye kile kidogo cha umbo la nane, sawa na cha Slim na cha redio.

Halafu ekstensheni. Pro, TV, subufa na chaja za simu kwenye ekstensheni moja nyembamba ya sokoni ni kujitafutia moto. Mpe Pro soketi yake ya ukutani.

Kwa wanaotumia sola kwenye vijiji vya kando ya ziwa: inveta iliyoandikwa wati 300 haifai kwa Pro, hata kama inaiwasha. Itaibeba kwenye menyu na kuiangusha kwenye mechi. Slim itakwenda nayo vizuri.

Kukatika kwa umeme kwenyewe kuna madhara yake. Mashine ikirudi itakwambia haikuzimwa ipasavyo na itakagua diski. Iache imalize, hata kama inachukua muda. Diski ya nje nayo itaomba kurekebishwa, ikubalie. Baada ya hapo, ukiona menyu nzito, gemu zinachelewa kufunguka au picha zake hazionekani, ingia "Safe Mode" uchague la tano, "Rebuild Database". Halifuti gemu wala sevu, linapanga upya orodha. La sita na la saba ndiyo yanayofuta, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Tafadhali usiiache mashine kwenye usingizi wa taa ya machungwa usiku kucha. Umeme ukikatika ikiwa hivyo, diski inaumia kama vile ulikuwa unacheza. Zima kabisa. Na uichomeke kupitia TV gadi, inayochelewesha umeme dakika kadhaa unaporudi. Mrejeo wa umeme ndio unaoua pawasaplai nyingi ninazobadilisha, kuliko kukatika kwenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha mfumo, mashine inaweza kugoma kuwaka zaidi ya "Safe Mode". Pakua faili la mfumo kwenye kompyuta kutoka tovuti rasmi ya PlayStation. Weka kwenye flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 au exFAT, ndani ya folda PS4, kisha ndani yake folda UPDATE, faili likiitwa PS4UPDATE.PUP, herufi zote kubwa. Jaribu chaguo la tatu kwanza. La saba linahitaji faili kubwa zaidi, lile la kusakinisha upya, na linafuta kila kitu.

Feni inanguruma

Pro za mwanzo zina kelele kwa asili, na CUH-7200 ndiyo tulivu kuliko zote. Lakini kelele ikiongezeka mwezi hadi mwezi, au likatokea tangazo kwamba mashine ina joto sana, ni vumbi au pesti. Vumbi letu jekundu la kiangazi linashikamana na mapezi ya kupozea hadi hewa haipiti. Puliza kwa nje kwanza, mashine ikiwa imezimwa, feni ukiizuia isizunguke. Pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea hukauka kwa miaka, na hizi mashine sasa zina miaka mingi. Kuibadilisha ni kazi ya fundi.

Na mende. Pawasaplai ya PS4 ina joto zuri na giza, na matundu yake yanatosha mende kupita. Nimefungua mashine nikakuta wameganda kati ya miguu ya koili, wengine wameungua na kuacha alama nyeusi juu ya bodi. Mashine iliyokaa kwenye kabati lililofungwa karibu na jiko ndiyo yao. Iweke mezani, mahali pa wazi, isogee mbali na ukuta kiganja kizima.

Pedi haishiki

Pedi ya DualShock 4 inafanya kazi kwenye PS4 zote tatu. Ila pedi hukumbuka mashine ya mwisho iliyoishika, kwa hiyo kwenye Pro lazima uiunganishe kwa waya mara ya kwanza na kubonyeza PS. Ikichaji tu bila kushika, waya wako ni wa kuchajia peke yake, hauna nyuzi za data. Jaribu waya mwingine wa simu unaojua unahamisha picha kwenda kompyuta. Bado? Kuna kitundu kidogo mgongoni mwa pedi karibu na L2, kibonyeze kwa pini sekunde chache, urudie. Pedi za bandia zinaweza kukataa baada ya mashine kusasishwa, na hapo hakuna la kufanya. Pedi ya PS3 haiingii PS4, na ya PS5 haishiki kwenye PS4 kwa njia ya kawaida.

Nimehamia, sioni tofauti

Kwa TV ya 4K, tofauti huonekana kwenye gemu zilizotengenezewa nyongeza ya Pro, na baadhi zinakupa uchague picha kali au mwendo laini. Gemu za zamani zisizo na nyongeza zinasaidiwa na "Boost Mode", iliyokuja na mfumo wa 4.50 mwezi Machi 2017. Iko chini ya "System". Gemu moja ikianza kuganda au kujifunga na kutoa namba ya kosa CE-34878-0 baada ya kuhamia Pro, zima "Boost Mode" kabla ya kulaumu CD, kisha hakikisha gemu yenyewe imesasishwa.

Kwa TV ya 1080p kuna "Supersampling Mode", tangu mfumo wa 5.50 wa Machi 2018: mashine inachora picha kubwa kisha inaipunguza, kingo zinakuwa laini. Inasaidia. Kwa TV ya inchi 32 ya 720p ndani ya kibanda, wateja wanacheza mpira kwa zamu, ninawashauri wazi: chukua Slim. Inakula umeme kidogo, ina joto kidogo, na Luku itakushukuru. Kumbuka pia kuwa Pro haisomi CD za filamu za 4K, na Slim haina tundu la sauti la optiki ambalo PS4 ya kwanza na Pro wanalo. Kama subufa yako inategemea tundu hilo, lijue kabla ya kununua.

Wanaoulizia PS5 Pro

Ilitoka Novemba 2024, na imekuja na tatizo la aina yake: haina sehemu ya CD kabisa. Unanunua kisomaji cha pembeni na kukipachika. Kisomaji kilekile kinaingia kwenye PS5 nyembamba ya 2023, ila PS5 ya kwanza isiyo na CD, ya mwaka 2020, haikipokei, kwa hiyo usimnunulie mtu kama zawadi kabla hujaiona mashine yake. Mara ya kwanza kisomaji kinahitaji intaneti ili kitambuliwe na mashine. Ukikipachika bila bando kitakaa kimya, na utadhani kimekufa.

Pedi ya PS4 kwenye PS5 inachezea gemu za PS4 tu. Diski ya nje ya USB yenye gemu za PS4 inachomekwa na kucheza palepale. Gemu za PS5 unaweza kuzihifadhi juu yake, ila kuzicheza lazima uzirudishe ndani.

Taa ya bluu

Inapepesa bluu, haifiki nyeupe, inazima. Toa CD, ng'oa kila kitu cha USB, chomoa umeme kwa dakika kadhaa, jaribu soketi nyingine. Kisha ijaribu ikiwa haina diski ya ndani. Kwenye Pro iko nyuma, chini ya kifuniko kidogo, imeshikwa na skrubu moja. Ikifika taa nyeupe na kulalamika kwamba haina diski, diski ndiyo imekufa, na nyingine yoyote ya inchi 2.5 yenye unene usiozidi milimita 9.5 itaingia, kisha utasakinisha mfumo kwa flashi kama nilivyoeleza. Isipofika, ni pawasaplai au bodi, ipeleke kwa fundi. Ipeleke na waya wake wa umeme na HDMI unaoutumia nyumbani, na diski ya zamani kama unayo, umweleze umeme ulikuwaje siku ilipogoma.